Ngazi Haina Mwenyewe

Mtu anayehama nyumba ya chini, yenye ukumbi mmoja na vyumba sita vinavyotazamana, akaenda kukaa ghorofa ya nne ya jengo jipya, huanza kwa kuhesabu aliyoyapata: maji ya ndani, choo asichogombania na mtu, upepo usiozuiwa na ukuta wa jirani, na sitara ambayo nyumba ya Kiswahili, kwa jinsi ilivyojengwa, haikuweza kumpa. Aliyoyapoteza huchelewa kuyahesabu, kwa kuwa hayakuandikwa katika mkataba wa pango wala hayakupandisha kodi. Na siku anapoanza kuyahesabu aghalabu huwa ni siku ya dhiki, saa ambayo hesabu haina tena faida kubwa.

Nilipata kukaa, miaka mingi sasa imepita, katika jengo moja la ghorofa sita mjini Dar es Salaam, lenye kaya 24 na ngazi moja. Usiku mmoja mauti yalibisha hodi ghorofa ya tano. Asubuhi yake tulikusanyika chini, wanaume kumi hivi tuliokuwa tumeishi juu na chini ya mwenzetu kwa zaidi ya miaka mitatu, na muadhini wa msikiti wa jirani alipotuma kijana kuuliza jina la marehemu na la baba yake ili apate kutangaza, tulitazamana. Tulilijua gari lake. Tulijua kwamba hurudi kazini baada ya isha. Mmoja wetu alijua kwamba marehemu akipenda mpira. Jina la baba yake hakulijua mtu. Jeneza lilipoletwa lilikataa kupinda katika kona ya ngazi, ikabidi maiti ateremshwe kwa shuka, ghorofa baada ya ghorofa, mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamepata kupeana mikono. Na turubai la kukalia waombolezaji halikupata pa kusimama mpaka yalipoondolewa magari saba, ambayo mlinzi peke yake ndiye aliyejua ni ya nani na mwenyewe analala mlango upi. Ni mlinzi huyo huyo, mtu asiyekuwa na chumba katika jengo lile, aliyelijua na jina la baba wa marehemu. Nasema pasi na kutia chumvi kwamba katika jengo la kaya 24 mkazi wa kweli alikuwa mmoja tu, naye alilala katika kibanda cha geti.

Wako wasemao, kila lisimuliwapo jambo la namna hii, kwamba watu wa siku hizi wameharibika tabia, na kwamba wazee wetu walikuwa na mapenzi ambayo sisi hatuna. Siafiki. Ujirani wa mwambao haukuwa zao la wema wa mioyo peke yake. Ulikuwa pia zao la uashi. Baraza la mawe na chokaa, lililofungamanishwa na ukuta wa nje wa nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, lilimwezesha mwenye nyumba kumpokea mgeni, kumkalisha na kumnywesha kahawa minghairi ya kuivunja sitara ya ahali zake waliomo ndani. Na kwa kuwa lilitazama njia, kila apitaye alilazimika kutoa salamu na kila akaaye alilazimika kuijibu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Ng'ambo, Unguja, ilifanya zaidi ya hayo, kwa sababu wapangaji sita walishiriki uwanja mmoja, kamba moja ya kuanikia na choo kimoja, na mtu mwenye kununa hakuweza kununa siku nyingi, maana njia ya kwenda chooni ilipita mlangoni kwa aliyemnunia. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mema, kwani baraza hilo hilo lilikuwa shule ya umbeya, na kwa sehemu kubwa lilikuwa la wanaume, ilhali wanawake walikuwa na mabaraza yao yasiyo ya mawe: bombani, arusini, msibani na katika upatu. Ninalosema ni kwamba kukutana hakukuwa hiari. Ghorofa imeiondoa lazima hiyo na kuiacha hiari peke yake. Na hiari ya mwanadamu, isipopata kitu cha kushika, hulala.

Nguvu ya ujirani wa zamani ina ushahidi katika tarikhi ya Unguja. Katika miaka ya 1920 wakazi wengi wa Ng'ambo, Ng'ambo ile ile aliyokaa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, walimiliki nyumba zao za udongo na makuti, lakini ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hizo ilikuwa milki ya wengine, nao walidaiwa kodi ya kiwanja iliyozidi kupanda. Mwaka 1928 waligoma kulipa, wanaume kwa wanawake, na mgomo wao ulikuwa mpana kiasi cha kuilazimisha serikali ya kikoloni kuingia kati na kuitilia kodi ile mpaka. Mgomo wa aina hiyo hauwezi kufanywa na watu wasiojuana majina, kwa kuwa mtu mmoja anayekataa kulipa hufukuzwa, na mtaa mzima unaokataa kulipa husikilizwa. Na baina ya mtu mmoja na mtaa mzima hapana kitu kingine isipokuwa mazungumzo ya jioni, yaliyorudiwa mara nyingi hata kila mtu akawa na yakini kwamba mwenziwe hatamwacha pekee.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ng'ambo hiyo ilipasuliwa. Serikali ya Mzee Karume, ikiongozwa na ramani iliyotokana na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ilikusudia kumtoa mnyonge katika nyumba ya udongo na kumpandisha ghorofani. Na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 yakasimama Michenzani majengo ambayo moja lina urefu wa mita 300 hivi, na ambayo watu, kwa kejeli iliyochanganyika na fahari, waliyaita treni. Nia ilikuwa njema na sina haja ya kuipunja sifa yake: waliovunjiwa nyumba walipewa makazi mapya. Lakini maji yalikuwa mazito wa kupanda, na ndoo zikawa nyepesi wa kupandishwa, hasa zilipokuwa vichwani mwa akina mama. Na katika ramani ile yenye barabara pana na mistari iliyonyooka, kibaraza cha mlangoni hakikupata nafasi.

Sasa wakazi walifanya nini? Walilishusha baraza chini. Nyayoni mwa treni zile pakatokea maduka, birika za kahawa, meza za karata, mabao, na viti vilivyofungwa kwa kamba ili visichukuliwe. Na pakastawi ile taasisi ambayo Wazanzibari huiita maskani. Hapana mtaalamu aliyeiagiza. Walioteremka kwa ajili ya maji walikuta kivuli, na walioteremka kwa ajili ya kivuli wakakuta watu. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko majengo yenyewe, kwa sababu linatuonyesha kwamba mkazi wa ghorofani hakatwi mizizi kwa kuwa juu. Hukatwa pale tu anapokosa sababu ya kuteremka.

Hata hivyo maskani ina ugonjwa wake, nami sitauficha. Maskani ya Kisonge, iliyo hapo Michenzani, ni ya wafuasi wa Chama Cha Mapinduzi, na ubao wake wa chaki umejulikana kisiwani kote kwa vijembe vyake. Na Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, limekuwa kwa miaka mingi baraza la watu wa upinzani, nalo lina ubao wake. Siasa ni haki ya mtu na vijembe ni nusu ya lugha yetu. Lakini baraza likishakuwa la chama, jirani wa chama kingine hupita mbali nalo, na pamoja naye huondoka nusu ya habari za mtaa: ni mtaro upi ulioziba, ni mzee yupi amelala siku tatu bila ya kuonekana, ni mtoto wa nani hajaenda shule. Mtaro haukuziba kwa sababu ya kadi ya mtu. Anayetaka kuwakusanya wakazi wa jengo lake, basi, na aanze na lile ambalo halina uwanachama.

Upande wa Bara kuna ugonjwa wa aina nyingine, nao una asili yake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Sitaingia katika insafu ya tendo lile, ambalo limeshajadiliwa na wanaoijua hesabu yake kuliko mimi. Nataka kutaja tabia iliyobaki. Vizazi viwili vya wakazi wa mjini vilifunzika kwamba taa ya ngazini ni ya Msajili, bomba linalovuja ni la Msajili, na takataka zilizo mlangoni mwa jengo, kwa kuwa zimevuka kizingiti cha mtu, ni za Msajili vilevile. Mpangaji alilipa kodi ndogo na akangoja. Msajili alipoondoka kungoja hakukuondoka. Na leo katika majengo ya watu binafsi, ambayo hayakupata kamwe kuwa ya Msajili, utamkuta mtu aliyesoma sana akipapasa ukuta gizani kila usiku kwa muda wa miezi mitano, kwa sababu balbu si yake.

Sheria imeweka milango miwili ya kumtoa mtu huyu gizani, na ni wachache waijuao yote miwili. Mlango wa kwanza ni wa umiliki. Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za majengo kwa Tanzania Bara, na ile ya kondominia ya mwaka 2010 kwa Zanzibar, zinamwezesha mtu kuwa na hati ya nyumba yake iliyomo ndani ya ghorofa, na papo hapo zinamfunga na wenziwe katika chama cha wamiliki, ambacho wajibu wake ni vile vitu ambavyo ni vya wote na si vya yeyote: ngazi, paa, lifti, mabomba makuu, uwanja. Sheria hizo ni njema, na lau zingefuatwa kwa ukamilifu, majengo mengi yasingechakaa kabla ya kutimiza miaka kumi. Lakini zina upungufu mmoja kwa muradi wetu, nao ni kwamba kura ni ya mwenye hati, na mwenye hati aghalabu hakai hapo. Yuko Mwanza, au Maskati, au Toronto. Anayepanda ngazi mbovu kila siku ni mpangaji, na mpangaji katika chama hicho ni mgeni wa heshima.

Mlango wa pili ni wa ukaazi, nao haumuulizi mtu hati. Mkutano wa mtaa, kwa mujibu wa utaratibu wa serikali za mitaa za mijini ulioasisiwa na Sheria Na. 8 ya 1982, ni wa wakazi waliotimiza umri wa utu uzima, mpangaji na mwenye nyumba sawasawa. Hapo husomwa mapato na matumizi, na hapo huulizwa zile fedha zilizochangwa kwa ajili ya kivuko ziko wapi. Aidha mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 mpiga kura alitakiwa awe amejiandikisha katika orodha ya mtaa wake, iliyofunguliwa kwa siku kumi tu za Oktoba, nayo ni mbali na daftari la kudumu la uchaguzi mkuu. Wako rafiki zangu, watu wa maofisi makubwa, waliokwenda siku ya kura na kadi zao safi za daftari la kudumu, wakashangaa kuambiwa kwamba hawamo. Zanzibar hali ni tofauti, kwa kuwa sheha huteuliwa wala hachaguliwi. Huko mkazi hana kura ya kumweka wala ya kumwondoa, lakini sheha naye ana wazee na wajumbe wa kumshauri, na asiyefika kwao hatajwi katika shauri lao.

Mkazi wa ghorofani ofisi ya mtaa anaijua kwa sababu moja: barua. Akitaka kufungua akaunti ya benki, au kumdhamini ndugu yake polisi, au kuanza safari ya kitambulisho cha taifa, huambiwa alete barua ya utambulisho, naye hufika mara ile ya kwanza, hutazama saa yake, na huulizwa swali ambalo ni la haki kabisa ingawa yeye huliona kuwa usumbufu: wewe ni nani? Mwenyekiti anaandika kwamba anamfahamu mtu ambaye hamfahamu. Katika uongo huo mdogo, uliogongwa muhuri, naona picha kamili ya mambo yetu.

Lakini wako waliolifanya jambo hili vizuri, na mfano ninaoutegemea ni wa Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wakazi wa nyumba zile kongwe za serikali, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili pajengwe upya. Nyumba zikavunjwa, na kiwanja kikakaa miaka kikiota majani. Kaya 644 zilizotawanyika, huyu Mbagala na yule Kimara, ni kama punje zilizomwagika. Desturi ya mambo ni kwamba baada ya mwaka mmoja huyu hajui tena habari za yule, na baada ya miaka mitano hapana wa kudai. Hawa walishikamana. Walikuwa na uongozi wao, na walikuwa na orodha, na nambari 644 haikupungua wala kuzidi vinywani mwao wala katika karatasi za wakubwa. Rais Magufuli alipofika pale mwaka 2016 aliahidi kuwajengea na kuwarejesha, wakae miaka mitano bila ya kodi. Na majengo yakafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Wenye kuisimulia habari hii huisimulia kama habari ya marais wawili. Mimi naiona kuwa habari ya orodha, kwa sababu ahadi ya mkubwa ilihitaji watu wa kupewa, na lau orodha isingetunzwa kwa muda wote ule, nyumba zingejengwa na zingeingia watu, ila wasingekuwa wao.

Sasa yule mtu wa ghorofa ya nne afanye nini? Asianze na katiba ya chama, wala na kundi la simu, ambalo siku ya kwanza huwa la salamu, ya pili huwa la mahubiri na matangazo ya biashara, na mwezi wa pili nusu ya watu wamekwisha kulizima sauti. Aanze na pampu ya maji. Pampu ina fadhila tatu ambazo hotuba haina: ikiharibika inawauma wote siku moja, gharama yake inagawika, na matokeo yake husikika bombani kabla ya magharibi. Achukue karatasi, aandike nani ametoa kiasi gani na fundi amelipwa kiasi gani, aibandike ngazini kwenye kimo cha macho, na masazo, hata yakiwa shilingi mia nne, yaandikwe. Maana katika nchi hii michango haikufa kwa umaskini, imekufa kwa kukosa stakabadhi. Akina mama wanaoendesha upatu wanaijua kanuni hii kuliko maofisa wa maendeleo ya jamii, na katika majengo niliyoyaona, kamati iliyodumu ni ile ambayo kijumbe wa upatu alikuwa ndiye mshika fedha.

Pampu ikishatengenea, jengo linapata ulimi, na ulimi huo sharti upelekwe nje ya geti. Hapa ndipo wengi husimama. Watu wenye nafasi wanapoungana, jambo la kwanza wanalonunua ni kutokuhitaji mtaa: kisima chao, mlinzi wao, gari lao la taka, na ukuta uliozidi kimo cha mtu. Kila moja la manunuzi hayo lina sababu yake, lakini jumla yake ni kuunyima mtaa zile sauti ambazo diwani angeziogopa. Tena ukuta hauzuii kilicho chini. Masika yakishuka Dar es Salaam, wako wenye majengo wanaotapisha vyoo vyao mitaroni kuokoa nauli ya gari la majitaka, na maji yale hayapandi kwenda ghorofani. Huteremka kwenda kwa muuza maandazi na kwa watoto wa bondeni. Mkazi anayelalamika kwamba jamii ya hapo haimpokei, na atazame kwanza bomba la jengo lake linatokea wapi. Kwenda mkutano wa mtaa na kusema mbele ya watu, mtaro ule umezibwa na sisi, nasi tutauzibua Jumamosi, ni utambulisho uliozidi barua yoyote yenye muhuri.

Nimepita mwaka jana katika lile jengo langu la zamani. Kona ya ngazi ni ile ile, na jeneza halitapinda mpaka jengo livunjwe. Lakini ukutani chini, mahali ambapo zamani palikuwa na tangazo la king'amuzi, pana karatasi iliyowekewa plastiki, yenye majina ya wenye nyumba na wapangaji, mlango kwa mlango, kila mmoja na jina la baba yake. Majina mawili yamefutwa kwa mstari na mapya yameandikwa ubavuni. Chini kabisa, baada ya mlango wa 24, mtu mwingine ameongeza jina la mlinzi kwa kalamu ya risasi, na mbele yake akaandika: geti.